Upinde wa Mzee Laurenti

Asiimwe mwanangu,

Nimekasirika, na nimeona ni heri uisome hasira yangu kwenye karatasi kuliko uisikie kesho stendi mbele ya watu. Umeenda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia urudi kabla hujala, kwa hiyo nina jioni nzima na meza peke yangu. Begi lako nimeshalifunga. Mambo ya blanketi, ya nauli, ya kuchemsha maji ya kunywa, tumeyasema mpaka umechoka kuitikia. Humu hutayakuta. Nitakuandikia juu ya ulichokifanya jana kwa Mama Verediana, na juu ya nilichokifanya mimi ulipokuwa na miaka kumi, ambacho unakijua nusu.

Jana Mama Verediana alikuita kwake kukuaga. Mjane yule alikuwa na kuku watatu, akakuchinjia mmoja. Mlipomaliza kula akakuomba upite kwenye kibanja chake umwambie kingeweza kuwa na thamani gani, maana wewe ndiye unakwenda kusomea uthamini, na yeye amesikia barabara itapanuliwa na wenye mashamba watalipwa fidia. Aliomba kwa utani, lakini alikuwa na hamu ya kweli ya kujua. Ukapita kati ya migomba yake mikono umeiweka nyuma. Mgomba mmoja ukausukuma kwa mguu. Kisha ukasema, "Mama, hii imezeeka. Hapa hakuna kitu." Ukacheka, na wote mliokuwapo mkacheka, naye akacheka pamoja nanyi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Niliona vidole vyake vilivyokuwa vinasokota ncha ya kitenge.

Hujakaa darasani hata siku moja na tayari umejua kusema hapa hakuna kitu. Nilitaka kukupiga kofi mbele ya wageni. Sikukupiga, na unajua kwa nini? Kwa sababu niliitambua ile sauti. Ni yangu. Umeisikia tangu ukiwa mgongoni, pale gulioni Nyabiyonza, nilipokuwa napokea radio za watu, pasi za mkaa, baiskeli na saa za ukutani, nikizigeuzageuza na kuziponda ili nizipate kwa bei ya kutupa. Hukwenda mbali kujifunza. Ulijifunza kwangu.

Basi sikiliza.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio, mvua za vuli zimeanza. Nilikuwa nimetandika turubai langu mahali pale pale, karibu na wauza samaki wakavu. Akaja mzee mmoja mrefu, amevaa koti la suti lililochakaa lakini limepigwa pasi, amebeba mfuko mrefu wa turubai la kijani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akajitaja: Laurenti, kutoka Igurwa. Wazazi wake walitoka Rwanda yeye akiwa mdogo, na ujana wake wote alikuwa mpishi wa mwalimu mmoja Mzungu aliyefundisha huku zamani. Yule mwalimu alipoondoka kurudi kwao alimwachia vitu vitatu: sufuria, kitanda na kilichokuwa ndani ya ule mfuko.

Akaufungua. Hakuufungua kama watu wanavyofungua vitu vya kuuza. Alilegeza kamba taratibu, akatandika mfuko juu ya turubai langu, ndipo akauweka upinde juu yake, usiguse tope.

Sikuwa nimewahi kuona upinde wa namna ile. Zile nyuta za porini za wawindaji unazijua, kijiti kimoja kilichokunjwa. Huu ulikuwa na mpini wa mti mwekundu mzito, umechongwa ukaingia kiganjani kana kwamba umepimwa kwa mkono wako. Kutoka mpinini yalitoka mashina mawili membamba, bapa, yanayong'aa kama kioo, na ncha zake zilipinda kwenda mbele, kama ulimi wa mbwa anapokunywa maji. Ugwe, ile kamba yake ya kuvutia, haukuwa umefungwa. Mzee alisema ugwe hufungwa siku ya kutumia tu, ukiuacha umefungwa upinde unachoka. Kwenye shina la chini palikuwa na tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, kwa wino mweupe, hati nzuri sana.

Aliniambia ameutunza miaka thelathini. Kila mwaka aliufuta kwa mafuta kidogo, akaulaza juu ya dari mbali na moshi wa jiko. Mishale yake ipo nyumbani, sita, yote mizima. Asingeuuza, lakini mkewe jicho moja limeshakufa na la pili linafifia, na ametangaziwa kanisani kwamba baada ya wiki mbili madaktari wa macho watakuja hospitali ya wilaya kwa siku tano. Alihitaji pesa ya gari na ya matibabu.

Mwanangu, nilijua. Hilo ndilo ninalotaka ulisome mara mbili. Sikujua ule upinde ni wa nani wala ulitengenezwa wapi, lakini miaka yangu kumi na mitano ya kushika vitu vya watu ilinitosha kujua kwamba nimeshika kitu. Uzito ulisema, na ile hati ya wino mweupe ilisema. Hata namna mzee alivyoutua ilisema. Nami nikaupindua mara mbili, nikaukunja uso, nikamwambia, "Mzee wangu, hii ni fimbo ya pazia. Nani ataninunulia?"

Akasema mwalimu alimwambia ni kitu cha thamani.

Nikamwambia walimu wa Kizungu walikuwa wanawaachia wapishi takataka ili wasiwape kiinua mgongo. Watu wa samaki wakacheka. Akaniuliza kuhusu mishale, kama ailete nayo. Nikasema, "Vijiti hivyo washia moto."

Nikampa bei ya majogoo wawili. Alisimama kidogo akiangalia ule upinde, halafu akazichukua zile pesa, akaukunja mfuko wake vizuri akaniachia nao. Hakubishana. Wakati ule nilidhani nimeshinda.

Nilipofika nyumbani nilitaka kuujaribu. Unakumbuka labda, ulikuwa unamenya ndizi uani. Nikachukua ugwe nikaupachika kwenye ncha moja, nikaweka goti kwenye shina la chini, karibu na mpini, nikaukunja. Kwa kuwa ncha zinatazama mbele, mimi niliona huo ndio mkunjo wake, nikaendelea kuukunja upande huo huo. Ukatoa sauti, kama mfupa wa kuku unapovunjwa. Nikauachia. Sikuona kitu, nikaurudisha mfukoni. Baadaye nilikuja kujua kwamba nilikuwa naukunja kinyume, kwamba upinde wa namna ile hukunjwa dhidi ya mwelekeo wa ncha zake, ndiyo maana una nguvu. Mzee angenionyesha kwa dakika moja kama ningemuuliza. Lakini ningemuulizaje habari za fimbo ya pazia?

Siku nne baadaye akaja nyumbani. Nilimwona kutoka stoo, kupitia ule upenyo wa mbao, akikata kona kwenye mibuni. Nilijua anachokuja kutaka. Ama aongezewe ama arudishiwe. Ndipo nikakuita wewe. Nilikuambia, "Nenda mwambie mama hayupo." Ukaniangalia. Nikakuambia nenda.

Nilikusikia ukimwamkia. Nikakusikia ukisema mama ameenda Kayanga. Kayanga uliiongeza mwenyewe, ukaona uongo mfupi hautoshi. Mzee akakushukuru. Akakaa kwenye benchi karibu saa nzima, na mimi saa nzima hiyo nimesimama kati ya magunia ya kahawa kavu, siwezi kukohoa. Ulimletea maji ya kunywa. Alirudi tena Jumatatu, na nikakutuma tena. Mara hii hukuniangalia, ulikwenda tu.

Madaktari wakaja, siku tano zikaisha, wakaondoka.

Miaka yote nimejiambia nilifanya vile kwa ajili ya ada yako ya shule. Ni uongo. Ada yako ya mwaka ule ilikuwa imeshalipwa na kahawa. Sikuwa na njaa, sikuwa na mgonjwa. Nilikuwa nimezoea tu kushinda.

Mwezi wa tatu akaja mnunuzi. Hawa watu unawafahamu, wanazunguka magulio kutafuta vigoda vya kale, sarafu, saa, vinyago, wanavipeleka Mwanza na Arusha. Alikuwa amesikia nina upinde. Akaja hadi nyumbani na gari, amevaa miwani ya kusomea kwenye kamba. Nikamtolea. Akaanza kuongea vibaya papo hapo: umechakaa, mtindo wa zamani, hakuna anayeutaka. Lakini mimi nilikuwa natazama mikono yake. Kwanza aliifuta kwenye suruali. Akauinua akaweka jicho kwenye ncha moja, akaangalia shina lote hadi ncha ya pili kuona kama limejisokota. Akatoa pamba mfukoni, akaipitisha polepole kwenye kingo zote, juu na chini. Mahali fulani pamba ikanasa uzi mmoja. Akasimama hapo, akapaangalia kwa miwani, akapagusa kwa ukucha. Akasoma tarakimu za wino mweupe midomo ikitikisika. Akapima kwa utepe akifuata mkunjo. Kazi ile ilichukua muda, hata chai yangu ikapoa na nikapasha nyingine.

Halafu akauweka chini na kusema, "Mama, hii ni ya kuchezea watoto wa Kizungu. Nikupe ya soda na nauli, usije ukaitupa."

Asiimwe, damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamuuliza, kama ni ya kuchezea watoto, mbona ameikagua kama daktari?

Hakukasirika. Alivua miwani akaniuliza kwa upole kabisa, "Wewe uliinunua kwa shilingi ngapi?"

Nikaanza kukusanya vikombe vya chai.

"Basi mimi na wewe tunafanya kazi moja, mama. Tusisumbuane."

Nilimfukuza. Nilimfuata hadi kwenye gari lake nikimtukana kwa Kiswahili, na Kiswahili kiliponiishia nikaendelea kwa Kinyambo, majirani wakatoka kuangalia. Na usidhani nilimfukuza kwa uchungu wa Mzee Laurenti. Nakuandikia kweli leo. Nilimfukuza kwa sababu nilikuwa nimejua sasa kwamba ule upinde una bei, nami nilitaka bei yote iwe yangu. Lakini lile neno lake la kazi moja liliingia ndani likakaa. Nikipika, lipo. Nikiwa kanisani, lipo. Nilimchukia yule mtu kwa wiki nyingi, mpaka siku moja nikagundua kwamba chochote ninachokichukia kwake ninakifanya, tena kwa ustadi kuliko yeye, kwa sababu yeye walau hakuwa amejificha nyuma ya uongo wa mtoto.

Pale kwenye gulio la Isingiro, kule Kyerwa, nilikuwa na mteja mmoja mwalimu wa sekondari, aliyekuwa akinunua kwangu vitabu vya Kiingereza vinavyokuja na marobota ya mitumba. Nikampelekea upinde. Yule mwalimu alifurahi kama mtoto. Alichukua picha kwa simu, za mpini, za ncha, za ile hati ya mkono, akawaandikia watu wa nje wanaokusanya pinde za zamani. Majibu yalikuja kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, naye alikuwa ananisomea.

Zile tarakimu, walisema, moja ni urefu wa upinde kwa inchi, ya pili ni uzito wa kuuvuta kwa ratili. Viwanda vikubwa hupiga mhuri, ila huu uliandikwa kwa mkono na fundi mwenyewe kwenye karakana ndogo, zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Waliomba picha ya ubavuni, wakahesabu tabaka: mti mweupe uliopasuliwa mwembamba kama karatasi ngumu, kisha nyuzi za kioo zilizogandishwa mbele na nyuma. Walimjua fundi huyo kwa namna alivyochonga mahali pa kuegesha mshale. Pinde zake zilizobaki ni chache. Wakaonya kwamba mtu asiuvute na kuuachia bila mshale, unaweza kupasuka mikononi. Wakauliza kama una ufa wowote, na mwalimu akautafuta, akauona: mstari mwembamba kama unywele, shina la chini, karibu na mpini. Pale pale pamba ya mnunuzi iliponasa. Pale pale goti langu lilipokuwa.

Pamoja na ule ufa, wakasema, unaweza kuleta bei ya ng'ombe mzuri wa maziwa mwenye mimba. Bila ufa, zaidi. Kisha yakaja maneno ya mwisho ambayo mwalimu aliyasoma akiwa anatabasamu, maana hakujua: wanauliza kama mishale ipo, kwa kuwa mishale ya fundi huyo ni adimu kuliko upinde wenyewe, na ukipatikana pamoja nayo bei yake ni nyingine kabisa.

Siku ya pili yake nilipanda bodaboda kwenda Igurwa, upinde nimeupakata.

Nyumba yao niliiona kwa bustani. Palikuwa na nyanya mbele ya mlango, mistari miwili, zimeegemezwa kwenye vijiti na kufungwa kwa maganda ya mgomba. Vijiti sita kati ya vile vilikuwa vimenyooka kupita kiasi. Nikainama. Vilikuwa na pete za rangi, nyekundu na njano, na kwenye ncha ya juu palibaki mizizi ya manyoya yaliyooza kwa mvua. Alikuwa amekata vichwa vya chuma, kisha akaichomeka ile mishale ardhini. Hakuwashia moto. Alikuwa amenitii nusu.

Mke wake alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage kwa vidole, uso ameuelekeza barabarani ambako hapakuwa na mtu. Jina lake Konsolata. Akauliza ni nani. Nikamwamkia, nikamwambia ni mimi, Mama Asiimwe wa gulioni Nyabiyonza. Vidole vikasimama, kisha vikaendelea.

Nilimuuliza habari za macho, na nilijua sikupaswa kuuliza. Akanieleza bila haraka. Waliuza mbuzi, wakangoja madaktari warudi, walirudi baada ya miezi sita. Ni presha ya macho, si mtoto wa jicho kama walivyodhani. Daktari alisema angekuja ile mara ya kwanza jicho lililobaki lingezuiliwa lisife. Sasa mshipa umekufa, hakuna cha kukata wala cha kushona.

Nikaanza kulia na kuomba msamaha kuhusu bei. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Bei sikuikasirikia," alisema. "Bei ni ya gulioni, kila mtu anavuta kwake. Lakini wewe ulimwambia mume wangu ametunza takataka miaka thelathini. Alirudi hapa akakaa kwenye kile kigoda. Wakati ule nilikuwa bado naona kidogo. Nilimwona anavyokaa."

Maharage yakaendelea kudondoka kwenye ungo.

Mzee akaja kutoka shambani na jembe begani. Niliinuka nikamwambia yote mbele ya mkewe: kwamba nilijua tangu siku ya kwanza, kwamba nilikuwepo nyumbani mara zote mbili, kwamba mtoto alitumwa. Nikamweleza walichosema wale watu wa pinde, na ng'ombe, na mishale. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipotaja mishale aligeuka akaangalia nyanya zake, akaziangalia muda mrefu. Kisha akautoa upinde mfukoni, akapitisha kidole gumba kwenye shina. Kilisimama kwenye ufa bila kuutafuta.

"Ufa huu ni wa nani?"

"Ni wangu."

Akaurudisha mfukoni akafunga kamba. "Mtoto asitumwe tena hivyo," akasema. Hilo ndilo neno pekee aliloniambia siku ile. Niliwaachia upinde wao nikaondoka; hakuniambia karibu wala kwaheri.

Yule mwalimu wa Isingiro aliwasaidia kuuuza kwa mkusanyaji mmoja wa Nairobi, aliyefunga safari mwenyewe mpaka Kayanga kuuchukua. Mzee alipata ng'ombe wake. Kama ningesema neno moja tu la kweli siku ile gulioni, angepata ng'ombe wawili au watatu, na mishale ingeondoka na upinde wake, na mwanamke yule angekuwa anayaona maharage anayoyachambua. Baba yako nilimwambia habari ya bei tu. Habari ya macho sikumwambia mtu. Wewe ulibaki na nusu yako: mzee kwenye benchi, na mama nyuma ya magunia. Hukuniuliza hata mara moja, na mimi nilijifanya umesahau. Samahani kwa hilo, mwanangu. Nilipaswa kuisema zamani, nawe ukiwa bado mdogo kiasi cha kuninunia.

Sasa nirudi kwako, maana hasira haijaisha.

Kule chuoni watakupa jedwali. Mgomba mchanga, mgomba unaozaa, mgomba uliozeeka. Mbuni hivi, mti wa kivuli hivi. Nyumba ya udongo, nyumba ya tofali. Utajaza, ndiyo kazi, na wapo wanaoifanya kwa heri na watu wakalipwa haki yao. Sikukatazi. Nimeuza kahawa ya misimu miwili ili uende. Hata namna ya kuifanya vizuri kazi hiyo siijui, na sitajifanya naijua. Ninachokijua ni ilivyo kuifanya vibaya, ilivyo tamu, na jinsi watu wanavyokusaidia kwa kucheka. Ile migomba ya Mama Verediana imezeeka, ni kweli. Mumewe aliipanda mwaka waliooana. Mama huyo aliwasomesha wanawe watatu kwa migomba ile, na mmoja wao ni nesi aliyenizalisha wewe nilipokuwa nakufa kwa uchungu. Hayo jedwali halina mahali pa kuyaandika, sawa. Lakini jana hukuwa na jedwali. Ulikuwa na mdomo tu, na shibe ya kuku wake.

Nyumba yake iko hatua chache kutoka hapa, na basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Yeye huamka mapema. Sikutumi. Nimeapa sitakutuma tena kwenye mlango wa mtu.

Umalize kusoma hili la mwisho ndipo uikunje barua.

Konsolata alifariki mwaka juzi. Nilikwenda mazishini, nikakaa nyuma na wanawake wa jikoni, nikamenya ndizi. Mzee Laurenti alinipita mara mbili. Nilimwamkia, akaitikia kama anavyoitikia mtu yeyote.

Kisha, msimu wa kahawa uliopita, akaja gulioni, kwenye turubai langu. Akachagua taa ya chemli, akaipangusa kioo, akauliza ni bei gani. Nilikuwa tayari kumpa bure. Nikaogopa, nikamtajia bei ya mwanzo, ile tunayoitaja tukijua mtu ataipunguza, nikiwa nimeshajiandaa kushuka hadi popote atakapotaka. Wewe unajua gulio. Mtu akipunguza bei mnaongea, anakutania, unamuuliza habari za nyumbani, anasimama kidogo. Nilitaka asimame kidogo.

Alihesabu pesa zote akaziweka juu ya turubai, akachukua taa akaondoka. Tangu hapo amenunua kwangu mara nne. Hajapunguza hata shilingi mia.

Nenda salama, Asiimwe.

Mama yako